Kupanga likizo Meksiko: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya ndiyo yanayorudi kila mtu anapoanza kuifikiria Meksiko, awe yuko Nairobi, Dar es Salaam au ughaibuni. Jibu moja likigusa jingine, tumekuelekeza huko badala ya kurudia.

## Kabla ya yote

Nina siku kumi. Zinatosha kuiona Meksiko?

Kuiona Meksiko, hapana. Kuuona mkoa mmoja vizuri, ndiyo, tena bila kukimbizana. Nchi hii ina karibu kilomita za mraba milioni 2, yaani zaidi ya Tanzania mara mbili, na ina majimbo 31 pamoja na mji mkuu unaojitawala. Kaskazini ni jangwa na makorongo, katikati ni nyanda za juu zenye volkano, kusini ni misitu na vijiji vya milimani, na mashariki ni tambarare ya Yucatán inayoishia kwenye bahari ya Karibi. Mexico City hadi Cancún ni kama kilomita 1,600 kwa barabara. Hadi Tijuana ni zaidi ya 2,500.

Orodha tunayoletewa kila mara ni hii: Mexico City, Oaxaca, Chichén Itzá, ufukwe siku mbili, halafu treni ya makorongo kule Chihuahua, vyote ndani ya siku kumi. Ukiihesabu vizuri utakuta siku nne kati ya hizo unazimalizia vituoni na viwanja vya ndege. Siku kumi, chagua eneo moja. Wiki mbili, chagua maeneo mawili uyaunganishe kwa ndege. Mengine yaache kwa safari nyingine.

Ni mara yangu ya kwanza. Niende wapi hasa?

Ukitaka jibu fupi: Mexico City, Puebla na Oaxaca. Hapo unapata historia, chakula na milima, na barabara nzuri ya basi inakupitisha kote. Puebla iko mwendo wa saa mbili kutoka mji mkuu. Oaxaca ni saa sita au saba. Ukitamani bahari mwishoni, barabara mpya ya kutoka mji wa Oaxaca hadi Puerto Escondido, iliyofunguliwa Februari 2024, imepunguza safari ya zaidi ya saa sita ya kona za milimani hadi saa tatu hivi.

Chaguo la pili ni rasi ya Yucatán. Hapa niseme wazi: kama umekulia Mombasa, Tanga au Zanzibar, mchanga mweupe wa Cancún hautakushangaza, na bei zake zitakuudhi. Yucatán uiendee kwa kile ambacho kwenu hakipo. Ardhi yake ni mawe ya chokaa yasiyo na mito ya juu. Maji hupita chini kwa chini, na mahali paa la pango lilipoporomoka pamebaki shimo la maji maangavu unayoweza kuogelea. Wenyewe huyaita *cenote*. Kaa Mérida au Valladolid, zunguka kwenye cenote na magofu ya Wamaya kama Uxmal na Chichén Itzá, kisha bahari uipe siku mbili za mwisho.

Chiapas inawafaa waliokwisha kuzoea kidogo: magofu ya Palenque ndani ya msitu, mji wa baridi wa San Cristóbal de las Casas, na kanisa la San Juan Chamula ambalo halina mabenchi. Sakafu imetandazwa majani ya msonobari, watu wamepiga magoti mbele ya safu za mishumaa iliyogandishwa sakafuni, wakiomba kwa Kitzotzil. Kupiga picha humo ndani ni marufuku, na wanamaanisha.

Kaskazini, yaani Baja California na makorongo ya Barrancas del Cobre, ni safari nyingine kabisa. Usiiunganishe na kusini.

Nisafiri mwezi gani?

Novemba hadi Aprili ndio msimu mkavu, nao ndio unaopendwa. Kuanzia Juni hadi Oktoba mvua hunyesha, lakini nyanda za juu mara nyingi hunyesha alasiri tu: asubuhi unatembea juani, saa kumi jioni unakimbilia kwenye mkahawa. Kwa mtu wa bajeti huo si msimu mbaya. Pwani ndiko kwenye shida, maana msimu wa vimbunga upande wa Atlantiki ni Juni hadi Novemba, na upande wa Pasifiki huanza katikati ya Mei.

Kwa wapenda ufukwe wa Karibi kuna kero nyingine: mwani wa kahawia unaoelea baharini na kurundikana pwani, hasa kati ya Aprili na Agosti. Ukioza unanuka. Mwaka mwingine ni kidogo, mwaka mwingine hoteli huamka na trekta kuuzoa.

Tarehe za kukwepa, au za kuwekea nafasi mapema sana, ni Wiki Takatifu kabla ya Pasaka pamoja na wiki inayofuata, kwa sababu nchi nzima huwa likizo. Krismasi ni hivyo hivyo. Kama una hamu ya jambo maalumu, basi mwezi unakuchagulia wenyewe: nyangumi wa kijivu huzaa kwenye ghuba za Baja California Sur kati ya Januari na Machi, vipepeo wa monarki hujaa misitu ya Michoacán kuanzia Novemba hadi Machi, na ngoma za Guelaguetza hufanyika Oaxaca Julai.

Siku ya Wafu ni sherehe ya wenyeji au mgeni anakaribishwa?

Anakaribishwa, kwa adabu. Tarehe 1 na 2 Novemba familia hujenga madhabahu nyumbani na kukesha makaburini na maua ya manjano, chakula na picha za marehemu. Oaxaca na vijiji vya ziwa Pátzcuaro ndivyo vinavyojulikana zaidi, na vyumba huisha miezi kabla. Makaburini nunua maua mlangoni, salimia, na omba ruhusa kabla ya kuinua simu. Watu hawa wamekuja kukaa na wazazi wao.

## Viza na njia ya kufika

Nahitaji viza?

Ndiyo. Pasi ya Kenya, Tanzania, Uganda, Rwanda, Burundi au Kongo peke yake haitoshi. Ubalozi wa Meksiko ulio karibu na watu wa Afrika Mashariki uko Nairobi, na maombi yana mahojiano ya ana kwa ana, kwa hiyo anayetoka nje ya Nairobi apige hesabu ya safari hiyo pia. Wanachotaka kujiridhisha nacho ni kwamba una kipato au akiba ya kutosha na una sababu ya kurudi kwenu. Taarifa za benki za miezi kadhaa zina uzito kuliko barua ndefu.

Kuna mlango wa pembeni, na ni halali kabisa. Mwenye viza hai ya kuingia mara nyingi ya Marekani, Kanada, Uingereza, Japani au Schengen (nchi za Ulaya zinazotumia viza moja) haombi viza ya Meksiko kwa utalii. Ndivyo ilivyo pia kwa mwenye ukaazi wa kudumu katika nchi hizo. Viza hiyo iwe hai siku unayoingia, si siku uliyokata tiketi.

Nipitie wapi? Hakuna ndege ya moja kwa moja.

Hakuna, na hapa ndipo wengi hukwama baada ya kulipia nauli. Tiketi ya bei nafuu ikipitia Marekani, utahitaji viza ya Marekani hata kama hutoki nje ya uwanja wa ndege. Huna, achana nayo.

Ulaya ni rahisi zaidi, ila soma tiketi kwa makini. Kupitia Amsterdam tu, au Paris tu, au Madrid tu, ni jambo moja. Kupitia Amsterdam kisha Madrid ni jambo jingine, maana kipande hicho cha katikati ni safari ya ndani ya Schengen na kinahesabiwa kuwa umeingia. Wenye pasi ya Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo wanahitaji viza ya mpito ya uwanja wa ndege hata kwa kituo kimoja cha Schengen.

Njia ya Istanbul inawakwepesha wengi hayo yote. Usishangae tu kuona ndege ya kurudi inatua Cancún kwanza kabla ya kuvuka bahari: uwanja wa Mexico City uko juu mno, hewa ni nyepesi, na ndege iliyojaa mafuta na abiria haipandi kirahisi.

Nikifika, afisa wa uhamiaji ataniuliza nini?

Unakaa wapi, siku ngapi, unarudi lini. Uwe na nakala ya karatasi ya hoteli ya kwanza na tiketi ya kurudi, maana simu huzima wakati usiotakiwa. Kikomo cha mtalii ni siku 180, lakini afisa ndiye anayeandika idadi, na si lazima akupe zote. Soma muhuri papo hapo kabla hujaondoka dirishani. Kuhusu ukaguzi wa ndani ya nchi, tazama swali la Mwafrika huko chini.

## Kuzunguka ndani ya nchi

Basi au ndege?

Chini ya saa saba, basi. Zaidi ya hapo, ndege. Mabasi ya daraja la kwanza ni mazuri kweli: viti vinalala, yana choo, yanaondoka kwa wakati, na namba ya kiti iko kwenye tiketi. Kampuni ya ADO ndiyo imetawala kusini na mashariki. Beba sweta, kwa sababu kiyoyozi chao hakina huruma.

Mexico City haina stendi moja bali nne kubwa, kila moja kwa upande wake. Wa Puebla na Oaxaca wengi huondokea TAPO, upande wa mashariki. Wa magofu ya Teotihuacan, kama kilomita 50 nje ya jiji, huondokea Terminal del Norte. Kwenda stendi isiyo yako kwenye foleni za jiji lile ni kupoteza nusu siku.

Ndege za ndani za bei rahisi zina bei rahisi kweli mpaka uongeze begi. Linganisha bei ukiwa umeshaongeza begi.

Treni ya Maya inafaa?

Ilianza kubeba abiria Desemba 2023 na inazunguka rasi ya Yucatán hadi Palenque. Inafaa kama una muda na unapenda treni. Tatizo ni kwamba vituo vingi viko nje ya miji, kwa hiyo uulizie usafiri wa kutoka kituoni hadi mjini kabla ya kukata tiketi. Kati ya Mérida na Valladolid basi bado halina mpinzani.

Nikodi gari?

Yucatán, ndiyo. Mexico City, hata usiwaze. Wanaendesha upande wa kulia, na matuta yao hayana alama: unatoka kwenye lami nzuri, unaingia kijijini, gari linaruka. Barabara za kulipia zina ubora na usalama zaidi, ila uwe na pesa taslimu za vibanda vya ushuru. Usiendeshe usiku nje ya mji.

Bei ya mtandaoni usiiamini. Bima ya kumlipa mtu wa tatu ni ya lazima kisheria, na mara nyingi inaongezwa kaunta hadi bei inakaribia kuwa mara mbili. Uliza kwa maandishi kabla ya kulipa. Ukiharibikiwa kwenye barabara kuu, piga 078: hao ni Ángeles Verdes, mafundi wa serikali wanaowasaidia wasafiri.

Mjini Mexico City nitembee na nini?

Metro. Nauli ni peso 5, na kila kituo kina mchoro wake, mzinga wa vita, panzi, kengele, kwa hiyo hata asiyejua Kihispania hapotei. Saa za msongamano mabehewa ya mbele ni ya wanawake na watoto. Usiku tumia teksi ya programu ya simu. Uwanja wa ndege kuna kaunta za teksi rasmi ambako unalipa kabla ya kutoka.

Ukipanga siku zako, kumbuka majumba ya makumbusho hufungwa Jumatatu, na Jumapili wenyeji huingia bure, kwa hiyo hujaa. Jumba la Taifa la Anthropolojia lipe siku nzima. Nyumba ya Frida Kahlo kule Coyoacán haina tiketi za mlangoni za kutegemea. Nunua mtandaoni wiki kadhaa kabla.

## Pesa

Menyu imeandikwa $180 kwa chakula cha mchana. Wamerukwa na akili?

Hapana, hiyo ni peso. Meksiko wanatumia alama hiyo hiyo ya dola. Sehemu za watalii kama Cancún na Los Cabos ndiko bei huandikwa kwa dola za kweli, na hapo uulize. Lipa kwa peso popote unapoweza. Mashine ya benki ikikuuliza kama unataka ikufanyie ubadilishaji wa fedha, kataa. Benki yako itakupa kiwango kizuri zaidi.

Kadi inakubalika mahotelini na madukani. Sokoni, kwenye vibanda vya mtaani vya *taco* (chapati ndogo za mahindi zinazowekwa nyama) na kwenye mabasi ya vijijini ni noti ndogo ndogo, na noti ya 500 itakuletea mgogoro wa chenji.

Bahshishi ni lazima?

Mkahawani, asilimia 10 hadi 15. Wapakiaji wa supamaketi, mara nyingi wazee, hawana mshahara na wanategemea sarafu zako.

## Chakula na afya

Mimi ni Mwislamu. Nitakula nini?

Utakula vizuri ukijua wapi nguruwe amejificha. Palipo wazi ni *carnitas*, *chicharrón*, *chorizo* na *cochinita pibil*. Ile nyama inayozunguka kwenye mshikaki mkubwa wima, *al pastor*, inafanana na shawarma kwa sababu wahamiaji wa kutoka Lebanoni ndio walioleta mtindo huo, lakini huko imegeuka kuwa ya nguruwe. Ambapo watu hunaswa ni kwenye mafuta: maharage ya kupondwa na *tamale* (unga wa mahindi unaopikwa kwa mvuke ndani ya majani) mara nyingi hupikwa kwa mafuta ya nguruwe. Sentensi mbili zinatosha: *¿Lleva manteca?* (ina mafuta ya nguruwe?) na *sin cerdo, por favor* (bila nguruwe, tafadhali).

Samaki na kamba wako kote pwani. *Barbacoa* ya katikati ya nchi ni kondoo aliyepikwa shimoni usiku kucha, ingawa kuchinjwa kihalali ni suala jingine. San Cristóbal kuna jamii ya Waislamu wenyeji Watzotzil, kwa hiyo hapo utapata wa kumuuliza.

Kula mtaani ni salama? Na *taco* zinaagizwaje?

Fuata foleni. Kibanda chenye watu wengi nyama yake haikai. Sahani ya plastiki huvalishwa mfuko wa nailoni, ukimaliza mfuko unatupwa na sahani inavalishwa mwingine, usidhani wanakufungia. Unaagiza *taco* mbili mbili, si sita kwa mpigo, ili zije za moto. Watakuuliza kama unataka vitunguu na kotimiri. Ndimu na bakuli za salsa ziko mbele yako, na ile ya kijani mara nyingi ndiyo kali kuliko nyekundu, kwa hiyo onja tone kwanza. Unalipa mwisho, na wewe ndiye unayetaja umekula ngapi.

Maji ya bomba usinywe. Hoteli na nyumba za kupanga huweka dumu la lita 20.

Nitasumbuliwa na kimo?

Mexico City iko mita 2,240 juu ya usawa wa bahari. Mtu wa Nairobi au Eldoret hatagundua sana. Anayetoka Dar au Mombasa ataona ngazi za metro ni ndefu siku mbili za kwanza. Anywe maji, apunguze mwendo, na Teotihuacan aiache hadi siku ya tatu.

## Usalama na mambo ya pembeni

Kuna usalama?

Inategemea jimbo, na wakati mwingine barabara. Yucatán ni miongoni mwa majimbo tulivu zaidi nchini, huku sehemu za Guerrero, Sinaloa na Tamaulipas si za kwenda kutalii kiholela. Soma tahadhari zinazotolewa jimbo kwa jimbo, si kichwa cha habari kuhusu nchi nzima. Dharura ni 911.

Mwafrika mweusi anapokelewaje?

Kwa udadisi, mara nyingi kwa ukarimu. Utadhaniwa Mkuba, Mkolombia au Mhaiti kabla ya kudhaniwa Mkenya. Jambo zito ni kusini. Tapachula, mpakani na Guatemala, ndipo wahamiaji wengi wanapokwama, na mwaka 2019 walikuwamo Wakongomani na Wakameruni kwa mamia. Kwa hiyo maafisa wa uhamiaji hupanda mabasi ya Chiapas na kukagua, na ngozi nyeusi huitwa ya kwanza. Ukiwa huko tembea na pasi yenyewe, si nakala, na ujue ukurasa wenye muhuri.

Meksiko yenyewe ina watu weusi wake. Sensa ya 2020 iliwahesabu zaidi ya milioni 2.5 waliojitambulisha kuwa na asili ya Afrika, baada ya katiba kuwatambua mwaka 2019. Vicente Guerrero, rais aliyepiga marufuku utumwa mwaka 1829, alikuwa na damu ya Kiafrika. Kule Veracruz kuna mji unaoitwa Yanga, kwa jina la mtumwa mtoro aliyepigana na Wahispania mwanzoni mwa karne ya 17 hadi watu wake wakapewa mji wao huru. Pwani ya Costa Chica, kati ya Guerrero na Oaxaca, ndiko jamii hizi zilipo kwa wingi, na Cuajinicuilapa kuna jumba dogo la makumbusho yao. Hali ya barabara ya huko uiulizie kwanza, kama ilivyoelezwa juu.

King'ora kikilia Mexico City nifanye nini?

Toka nje na uwafuate wenyeji. Vitambuzi vilivyowekwa hasa upande wa Pasifiki huwapa watu sekunde kadhaa kabla tetemeko halijafika jijini. Mitetemeko mikubwa ya 1985 na 2017 yote ilitokea tarehe 19 Septemba, na siku hiyo kila mwaka hufanyika zoezi la nchi nzima. Ukiwa huko tarehe hiyo, shiriki.

Simu za nyumbani nipige saa ngapi?

Mexico City iko nyuma ya Afrika Mashariki kwa saa 9, Cancún kwa saa 8. Saa 12 jioni Nairobi ni saa 3 asubuhi Mexico City. Saa hazibadilishwi tena majira ya joto tangu 2022, isipokuwa baadhi ya maeneo ya mpaka wa kaskazini.

Chaja yangu itafanya kazi?

Chaja za simu na kompyuta nyingi, ndiyo, ukinunua adapta ya pini mbili bapa. Umeme wa huko ni volti 127, si 230 kama kwetu. Pasi ya nguo au kikausha nywele cha nyumbani hakitapata moto wa maana, kiache.